Shule Isiyokuwa na Mwenyewe

Ukiingia Dodoma kwa barabara ya Singida, utapita Kizota kabla ya kufika katikati ya mji, na mageti mengi utakayoyaona kushoto na kulia, ya nyumba za watu na ya maghala, nimeyachomelea mimi. Usiniamini kwa mdomo, nenda kagonge. Geti langu ukiligonga linatoa mlio mmoja tu, halitetemi. Nilianza na majiko ya mkaa ya kukata kwenye madebe, nikaja kwenye vitanda vya chuma, nikaja kwenye grili za madirisha, mpaka ikafika wakati wabunge wananitumia madereva wao waje wapange foleni kama watu wengine. Na yote hayo kwa darasa la nne.

Liko geti moja ambalo nikilipita sigeuzi shingo, na ni zuri kuliko yote.

Nianze na hilo darasa la nne. Enzi zetu ukimaliza la nne unakwenda shule ya kati, na ya kwetu kule Kondoa iliyokuwa karibu ilikuwa ya misheni. Sitaki kumsingizia mtu. Walipokea watoto wote, na padri mwenyewe alimwambia baba nipelekwe. Lakini baba alikuwa amemwona mtoto wa jirani akiondoka na jina moja na kurudi likizo na jina jingine. Akasema mwanawe atalima. Nikalima. Baadaye serikali ikazichukua zile shule ili mtoto asiulizwe dini yake mlangoni. Jambo jema, silipingi, ila mimi nilikuwa tayari nina ndevu na jembe.

Halafu ikaja miaka ya ruksa. Watu waliokuwa wakificha sabuni uvunguni wakafungua maduka. Mitumba ikajaa, redio zikajaa, na mimi nikapata mashine yangu ya kwanza ya kuchomelea. Kubwa zaidi, ikawa ruksa kufungua shule. Sekondari za serikali zilikuwa chache mno: shule nzima ya msingi inatoa mtoto mmoja au wawili, waliobaki wanarudi nyumbani kuota ndevu kama mimi, au kuolewa. Makanisa yalikuwa na uzoefu, yakaanza mapema. Sisi wa msikitini tukatazamana, tukaulizana tunasubiri nini.

Ijumaa moja baada ya swala, katibu wa msikiti alisimama akasema kuna bibi ana neno. Wanawake wetu walisali nyuma ya pazia la kijani, kwa hiyo hatukumwona, tuliisikia sauti tu. Wote tuliifahamu. Alikuwa mjane, mkulima wa uwele, mtu wa Kondoa kama mimi, na hakuna aliyependa kubishana naye.

"Shamba langu lile la kando ya korongo," sauti ikasema, "nimelitoa wakfu. Mjenge shule ya mabinti. Nimempa Mungu, sikumpa mtu. Mmesikia?"

Tukajibu tumesikia.

"Semeni tena."

Tukasema tena, wanaume wazima, kama watoto wa madrasa.

Wakfu ni mali iliyokwisha kutoka mikononi mwa watu. Haiuzwi, hairithiwi, hapewi mtu. Siku ile watu walilia kwa furaha. Wazee wakachoma matofali, kina mama wakabeba maji, na mimi nikabeba vyuma. Madirisha yote, milango, kenchi za paa, meza za maabara, vyote vilitoka karakana yangu. Juu ya geti nikakata herufi za bati nene, W, A, K, F, U, kila moja urefu wa mkono wangu. Fundi mwingine angepaka rangi tu. Mimi nilikata kwa moto na kusaga ncha zake mpaka zikateleza.

Mwalimu mkuu tuliyempata alikuwa mstaafu wa serikali, Mgogo wa Mpwapwa, Mkristo, mwimbaji wa kwaya. Kulikuwa na waliomtania siku ya kwanza.

"Mwalimu, Ijumaa sisi tukienda msikitini wewe utakuwa wapi?"

"Nitabaki na ufunguo," akasema. "Ninyi mkiwa mnasali, nani atalinda chaki?"

Tangu hapo akawa mwenzetu. Yeye ndiye aliyetusomea Katiba, kwa sababu ndiye aliyekuwa nayo. Alitusomea mahali panaposema mtu yuko huru kuabudu atakavyo, na kwamba uendeshaji wa jumuiya za dini uko nje ya shughuli za serikali. Wazee wakamwambia arudie. Akarudia. Mzee mmoja akapiga goti lake kwa kiganja: "Basi kumbe imekwisha. Haki tunayo."

"Haki mnayo," mwalimu akasema. "Lakini shule ina sheria yake. Kuna fomu."

Tukaijaza pale pale barazani. Jina la shule, mahali ilipo, idadi ya vyumba. Kwenye nafasi ya meneja wa shule wakaandika mimi, na nadhani hapakuwa na mwingine aliyestahili. Kisha mwalimu akasoma: "Mmiliki."

"Andika ukweli," akasema katibu.

"Ukweli upi?"

"Mwenyezi Mungu. Si tulishuhudia wote?"

Mwalimu akaweka kalamu mkekani. "Ndugu zangu, mimi humu ni mgeni. Lakini serikali nimeifanyia kazi maisha yangu yote. Haimkatai Mungu. Inataka mtu wa kumwita, siku paa likiwaangukia watoto."

"Paa kalijenga huyu," yule mzee akaninyooshea kidole. "Haliwezi kuanguka."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka, kwa sababu kweli lisingeanguka, na mpaka leo halijaanguka. Katibu akaichukua kalamu, akaandika Mwenyezi Mungu kwa mwandiko wake mzuri wa kulala. Fomu ikaenda. Jibu halikuja. Siku hizo ofisi ikinyamaza tulijua imekubali, maana kama ingekataa ingepiga kelele. Januari tukafungua kidato cha kwanza.

Binti yangu alikaa dawati la mbele. Sina haya kusema alikuwa na akili kuliko wote, walimu wenyewe walisema. Jioni alikuja karakana na sare yake, kilemba cheupe kimejaa vumbi la Kizota, akakaa kwenye benchi la wateja akifanya hesabu. Sisi mafundi tukitaka kona ya mraba tunapima tatu huku, nne kule, tano katikati. Nilikuwa nafanya hivyo miaka yote. Yeye akanichorea sakafuni kwa chaki kwa nini inakuwa hivyo. Nilisimama na futi mkononi. Nilikuwa najua kwa mkono, yeye alijua kwa kichwa, na nikawaza kwamba ile njia baba aliyoifunga kwa hofu yake, imefunguka kwa huyu. Alitaka kuwa mhandisi wa mabwawa. Niliwahi kumpeleka Mtera kununua samaki, akakataa kutoka ukutani mwa bwawa mpaka jua likazama, anauliza maji yanasukuma kwa nguvu gani.

Alipokuwa anamaliza kidato cha tatu, mwalimu mkuu alikwenda mkoani kuulizia namba ya kituo, ili wasichana waandikishwe kwa mtihani wa kidato cha nne. Alirudi anatembea polepole. Nilikuwa nachomelea, nikaona viatu vyake vimesimama mbele yangu, nikainua kioo.

"Shule yetu haipo," akasema.

"Haipo vipi? Mimi si nimeijenga?"

"Haipo kwenye vitabu vyao. Haijasajiliwa. Na shule isiyosajiliwa haina watahiniwa."

Tukaenda wote wawili kwa afisa elimu. Alikuwa mama mmoja wa makamo, mpole, wala sina ubaya naye. Alitupa viti, akatoa faili, akafungua fomu yetu ikiwa na vumbi lake. Akaweka kidole pale pale.

"Baba, hapa mliandika nini?"

"Unavyoona, mama."

"Mimi naona. Mimi nasali pia. Lakini nikitaka kumwandikia barua huyu mmiliki, naipeleka wapi?"

"Ilete kwangu. Mimi ndiye meneja."

"Meneja anateuliwa na mwenye shule. Nani alikuteua?"

Mwalimu akaokoa jahazi, akasema jumuiya ya dini ina haki kikatiba. Yule mama akakubali kwa kichwa. "Haki hiyo haina ubishi, mwalimu. Shule za dini tunazisajili kila mwaka. Lakini jumuiya lazima isimame kama mtu. Iwe na wadhamini waliosajiliwa, wenye majina. Mna wadhamini?"

Hatukuwa nao.

"Basi waandikisheni. Inafanyika Dar es Salaam, na haifanyiki kesho. Au mmiliki awe mtu mmoja, mwenye hati ya kiwanja au barua ya aliyetoa kiwanja. Mkileta kabla ya dirisha la kuandikisha mtihani kufungwa, nitawaletea wakaguzi haraka. Zaidi ya hapo sina uwezo."

Nikamwuliza wasichana wakihamishiwa shule nyingine itakuwaje. Akasema huwezi kuhamisha mtoto kutoka mahali ambapo hapapo. Labda wafanye mtihani wa maarifa, ule wa watu ambao hawakupitia shule inayotambulika, ndipo mwaka unaofuata waombe cha nne kama watahiniwa wa kujitegemea. Nikafikiria binti yangu kuambiwa hakupitia shule.

Nikaenda kwa bibi. Nilimkuta uani anapepeta uwele.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba baba. Umekuja kufanya nini saa za kazi? Umeme umekatika?"

Nikamweleza. Alisikiliza huku ungo unakwenda juu na chini. Nikasema tunahitaji majina, ya wadhamini au ya mtu mmoja, ni karatasi tu.

"Karatasi tu," akasema. "Unasikia huo muziki?"

Nilikuwa nausikia. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na baa.

"Pale mume wangu alitoa kiwanja cha madrasa. Wakaandika jina la mtu mmoja mwema sana, alikuwa hapitwi na swala. Wakasema ni karatasi tu. Alipokufa, watoto wake wakaja na hiyo karatasi wakauza. Sasa kila jioni nalala na ngoma zao. Nani mwema kuliko yule? Wewe?"

Nikasema mimi shule hii nimeijenga kwa mikono yangu, hakuna aliyetoa kama nilivyotoa.

"Ndiyo maana nakuogopa wewe kuliko wote," akasema. "Andika jina la mwanamume yeyote pale, baba, nami nitakwenda kupanda uwele wangu humo humo."

Nilirudi kwenye kamati yetu ya shule nikawaambia. Hakuna aliyetaka kuwa yule mtu mwema. Mwalimu mkuu alikwenda hadi kwa watu wa kanisa lake, wenye shule yao mjini, akawasihi wawapokee wasichana. Walimhurumia, lakini walifungwa na sheria ile ile. Siku zikaenda. Wasichana wa kidato cha nne wakarudi shuleni Januari, wakaanza kuulizana, halafu wakaanza kupungua. Mmoja aliolewa wiki ileile. Mwingine akapelekwa kwa shangazi yake Chemba.

Binti yangu alikuja karakana, hakukaa kwenye benchi.

"Baba, andika jina lako."

"Bibi amekataa."

"Bibi hafanyi mtihani."

Kesho yake nilivaa suti yangu, nikaenda mkoani, nikajaza fomu mpya. Mmiliki: mimi. Watu walisema baadaye kwamba nilikuwa naitamani shule tangu mwanzo. Waseme. Ningetaka shule ningejenga yangu, uwezo nilikuwa nao. Mimi nilitaka namba ya kituo. Yule mama alinitazama, akauliza barua ya mtoa kiwanja iko wapi. Nikasema wakaguzi wataikuta shuleni. Niliamini Mungu angefungua njia hapo katikati.

Wakaguzi walikuja wawili, mvua za kwanza zikiwa zimechelewa na zimenyesha usiku uliopita. Nilikuwa nimewasubiri tangu asubuhi, wasichana wamepiga sare, madawati yamepangwa. Mkaguzi mkubwa alishika geti akalitikisa, nikaona limemridhisha. Akainua macho kwenye herufi zangu.

"Wakfu," akasoma. "Maana yake nini?"

"Ni jina tu la shule," nikasema. Mwalimu mkuu alinitazama, akageuka kuangalia maua.

Wakaingia. Wakapima madirisha, wakahesabu vyoo, wakafungua mabomba ya maabara. Kila kitu kilikuwa sawa, na walisema kiko sawa, hata wakasema shule chache wamezikuta na kazi ya namna hii. Nilikuwa naanza kupumua. Tukatoka darasani kuelekea ofisini, tukamkuta bibi yuko katikati ya uwanja, pale wasichana wanaposimama asubuhi. Amefunga kanga kiunoni, ana jembe, na kibuyu cha mbegu kimening'inia begani. Ardhi ilikuwa laini kwa ile mvua. Alikuwa ameshachimba mstari mzima.

Wasichana waliokuwa dirishani wakasimama wote kwa heshima. "Shikamoo bibi."

"Marahaba, wajukuu zangu." Hakuacha kulima. Anapiga jembe, anadondosha mbegu, anafukia kwa unyayo.

"Mzee," mkaguzi akaniuliza, "huyu ni nani?"

Ningeweza kusema ni mwendawazimu wa jirani. Nililiona hilo jibu, lilikuwa limekaa ulimini. Binti yangu alikuwa ametoka darasani, amesimama mlangoni, ananiangalia mdomo.

"Ndiye aliyetoa kiwanja," nikasema.

"Kampa nani?"

Jembe likasimama. Bibi hakugeuka, lakini alikuwa anasikiliza. Uwanja mzima ulikuwa unasikiliza. Neno lilikuwa moja tu: mimi. Ningelitamka, yule mkaguzi angeandika, bibi angepiga kelele, na mimi ningesema ni mzee amesahau, na pengine ningeshinda, maana nimewahi kushinda watu wenye maneno kuliko bibi. Nililivuta lile neno. Halikuja. Ijumaa ile nilijibu nimesikia, na nikajibu tena.

"Kampa Mungu," nikasema.

Mkaguzi alifunga kalamu yake. Hakugomba. Akasema tu kwamba fomu imesema vingine, kwamba kiwanja kina mgogoro, na kwamba usajili hauwezi kuendelea mpaka tutakapoelewana. Walipoondoka, bibi aliendelea mpaka akamaliza mistari yake. Hakuna aliyemzuia. Uwele ukaota mbele ya madarasa, na mwaka ule ulistawi.

Yaliyofuata ni mafupi. Dirisha la mtihani lilifungwa. Wasichana wakatawanyika. Baada ya mavuno kamati ilimwendea bibi tena, safari hii na binti yangu alikuwemo, aliomba mwenyewe kwenda. Wazee walirudia yale yale ya majina. Binti yangu akasema, "Bibi, na ikiandikwa wewe? Wewe na kina mama wengine, muwe wadhamini?"

Bibi aliweka ungo chini. "Mngeniuliza," akasema.

Hakuna aliyekuwa amemwuliza. Tulikuwa tumezoea kumsikia kupitia pazia. Kina mama wakaandikishwa Dar es Salaam, yeye wa kwanza, kwa dole gumba, na shule ikapata namba yake. Sasa ni seminari ya Kiislamu inayojulikana, watoto wanatoka mpaka Singida. Geti ni lile lile.

Binti yangu alifanya mtihani wa maarifa, akafaulu, lakini mwaka wa kusubiri cha nne ulipoanza posa zilishaingia, na mama yake alichoka na maneno ya majirani. Yuko Kondoa. Ana watoto. Anapima mashamba ya watu kwa kamba, tatu, nne, tano, na hawamlipi.

Lakini ninachokikumbuka mimi ni asubuhi ile ya Novemba, mwaka ule ule wa uwele, siku ya hisabati, wenzake wa shule nyingine walipopita Kizota na rula zao. Alikuwa amefua sare usiku na kuipiga pasi. Akaja karakana akakaa kwenye benchi la wateja, kisanduku chake cha bikari mapajani, magoti pamoja, kama mtu anayesubiri kuitwa ndani. Baadaye akatazama saa ya ukutani.

"Wameanza," akasema.

Nilivuta kioo changu cha kuchomelea usoni nikainama juu ya chuma. Mafundi wangu walinitazama. Umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri.